Sura ya Sita: Chakula Kilichopigwa Mionzi

"Sasa mtu akila chakula kilichopigwa mionzi, hiyo mionzi si inaingia mwilini?"

Swali hili halichagui muulizaji. Analiuliza mnunuzi aliyeona alama ngeni ya kijani kwenye pakiti ya viungo kutoka ng'ambo. Analiuliza mfanyabiashara wa Tanga aliyetakiwa cheti cha mionzi kabla ya kuvusha mzigo wa chakula mpakani Horohoro. Analiuliza pia mzee aliyesikia kwamba zamani nzi waliopigwa mionzi mjini Tanga walimwagwa kwa ndege juu ya Unguja, na hakupata mtu wa kumweleza vizuri ilikuwaje.

Ni swali la haki, na jibu lake fupi ni hapana: chakula hakibaki na mionzi. Bahati mbaya wataalamu wengi huishia hapo, wakadhani wamemaliza kazi. Hawajamaliza. Yapo maswali mawili mengine ambayo mlaji ana haki ya kujibiwa, na uzito wake ni mkubwa kuliko lile la kwanza: chakula hicho kilikuwa katika hali gani kabla ya kuingizwa kwenye mtambo, na je, anayekinunua ameambiwa?

Dagaa wa Kigombe na mvua ya masika

Kigombe iko pwani ya Wilaya ya Muheza, kwenye njia ya Tanga kwenda Pangani, bahari ikiwa upande mmoja na mashamba ya mkonge upande wa pili. Nje ya nchi kijiji hiki kilianza kutajwa kuanzia 2003, wavuvi wake walipoanza kunasa kwenye majarife samaki aitwaye silikanti, ambaye wanasayansi waliwahi kuamini kwamba alitoweka duniani pamoja na dinosaria. Lakini silikanti hamlishi mtu. Riziki ya Kigombe ni samaki wa kawaida: dagaa, vibua, changu, pweza.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa zinazowakusanya chini ya chombo. Kinapotia nanga alfajiri, mashindano na joto yanakuwa yameshaanza. Dagaa ni mdogo mno kutumbuliwa mmoja mmoja, kwa hiyo utumbo wake unabaki ndani, na utumbo ndio unaotangulia kuoza. Wanawake huinjika masufuria makubwa ya maji ya chumvi juu ya kuni, wakatumbukiza dagaa kwa makapu, wakawaacha wachemke dakika chache, wakawaopoa na kuwachuja. Kisha huanikwa juani, juu ya chanja au nyavu kuukuu. Jua likiwa kali, dagaa hukauka wakavunjika kwa kubonyezwa na vidole viwili.

Masika yakiingia, mambo hugeuka. Dagaa waliochemshwa wanakosa jua, wanalainika, wanashika ukungu, na mzigo wa siku nzima unaishia kuwa chakula cha kuku. Hata waliokauka vizuri hawajasalimika. Kuna mbawakawa wa samaki wakavu ambaye buu wake, mwenye manyoya ya kahawia, hutafuna nyama yote na kuacha ngozi na miba. Gunia lililokaa ghalani muda mrefu likitikiswa hutoa vumbi kama unga, na vumbi hilo ni faida ya mchuuzi inayomwagika. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za Afrika na Asia wamewahi kuonekana wafanyabiashara wakinyunyizia samaki wakavu dawa ya kuua wadudu, tena dawa isiyokusudiwa chakula. Hilo ni jambo la hatari hasa, na hutokea bila alama yoyote kwenye gunia.

Chumvi, jua, moshi, mafuta ya moto na barafu ni njia za kuwanyima vijidudu na wadudu nafasi. Mionzi inaingia katika orodha hiyo hiyo. Imekuja nyuma ya wenzake, ni ghali zaidi, na imezungukwa na maneno mengi.

Ndani ya chumba cha zege

Mtambo wa kupiga chakula mionzi ni chumba chenye kuta za zege nene, kwa kawaida kiasi cha mita mbili. Chini yake kuna kisima kirefu cha maji, na ndani ya maji kuna vijiti vya chuma vilivyofungwa kwa tabaka mbili. Ndani ya vijiti hivyo mna kobalti-60, aina ya madini ya kobalti inayotoa mionzi ya gama yenyewe, usiku na mchana. Gama ni mionzi isiyoonekana inayopenya vitu, ya jamii moja na eksirei. Maji yanaizuia. Vijiti vikiwa chini kisimani, mafundi wanaweza kuingia chumbani. Vikipandishwa juu, milango imeshafungwa na maboksi ya chakula yanazungushwa kuvizunguka vijiti yakiwa kwenye mkanda.

Chakula hakigusani na kobalti hata kidogo. Kinachokifikia ni nguvu, nayo hupita na kwisha. Mgonjwa aliyepigwa picha ya eksirei katika Hospitali ya Bombo, Tanga, harudi nyumbani akiwa anatoa mionzi, na hali ya chakula ni hiyo hiyo. Ili kitu kianze kutoa mionzi chenyewe, hali inayoitwa unururifu, lazima kiini cha chembe zake kivurugwe. Mionzi ya kobalti-60 haina nguvu za kutosha kufanya hivyo kwenye chakula. Mitambo mingine hutumia umeme badala ya kobalti, ikatengeneza eksirei au miale ya elektroni, na kanuni za kimataifa zimeiwekea kikomo cha nguvu kwa sababu hiyo hasa.

Wengi wameshatumia vitu vilivyopita katika vyumba kama hivyo bila kujua. Mabomba mengi ya sindano, nyuzi za kushonea vidonda na glovu za upasuaji husafishwa kwa mionzi ya gama vikiwa tayari ndani ya pakiti zake.

Mionzi huua kwa kukata vinasaba, yaani nyuzi ndani ya seli zinazobeba maagizo ya uhai. Bakteria aliyekatwa vinasaba hawezi kuzaana. Yai la nzi haliendelei. Jicho la kiazi halichipui. Joto halipandi kwa kiasi cha kutajika: hata dozi kubwa ya kawaida ya chakula haifikishi nyuzi joto 3 za nyongeza. Ndiyo maana kiungo kilichopita hapo hakipotezi harufu kama kilichochemshwa, na embe hubaki bichi.

Kwa ufupi: chakula hupitiwa na nguvu ya mionzi na hakigusi chanzo chake. Kikitoka chumbani hakina mionzi ndani yake.

Nzi wa Tanga waliopelekwa Unguja

Mkoa wa Tanga una ushahidi wake wenyewe, na inashangaza kwamba hausimuliwi mara nyingi zaidi.

Kwa miaka mingi Unguja ilisumbuliwa na mbung'o, nzi anayefyonza damu na kuwaambukiza ng'ombe ugonjwa wa nagana. Jamii iliyokuwepo kisiwani ilikuwa moja tu, na ilijificha hata katika msitu wa Jozani ambako dawa hazikuweza kuimaliza. Kituo cha utafiti wa mbung'o kilichoko mjini Tanga kikapewa kazi ya kuwafuga nzi hao kwa mamilioni, kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na serikali husika. Madume walipigwa mionzi ya gama kwa dozi ya kuwahasi bila kuwaua, wakapakiwa kwenye maboksi na kumwagwa kwa ndege ndogo juu ya kisiwa.

Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Akipandwa na dume aliyehasiwa, uzazi wake umekwisha. Kuanzia 1994 hadi 1997 zaidi ya madume milioni 8 waliachiwa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Unguja mwaka 1996, na tangu hapo wafugaji wa kisiwa hicho wamefuga bila nagana.

Mamilioni ya nzi waliopigwa mionzi waliruka juu ya mashamba, visima na nyumba za watu, wakafa, wakaoza ardhini. Hawakuacha mionzi yoyote Unguja, kwa kuwa hawakuwa nayo. Dozi waliyopewa inakaribiana na ile inayotosha kuzuia kitunguu kisichipue ghalani.

Cheti cha mpakani ni habari nyingine

Hofu nyingi inatokana na kuchanganya mambo mawili. Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka, na upepo ukasambaza vumbi lenye sesiamu-137 juu ya malisho ya Ulaya. Ng'ombe wakala majani, maziwa yakachafuka. Huko ndiko kuchafuliwa na mionzi: vumbi lenyewe linalotoa mionzi limeingia kwenye chakula, na anayekula analimeza. Baada ya ajali ile nchi nyingi zilianza kudai vipimo vya mionzi kwa vyakula vinavyovuka mipaka.

Cheti anachotakiwa mfanyabiashara wa Tanga kinatokana na kazi hiyo. Hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Sampuli huwekwa kwenye kifaa cha kupimia ili kuona kama ina sesiamu au mfano wake. Hakuna anayepiga mionzi mchele wala dagaa wa mtu, vinapimwa tu. Na kifaa hicho hakiwezi kutambua kama chakula kilishawahi kupigwa mionzi ya kuhifadhia, kwa sababu hakuna chochote kilichobaki cha kukitambua.

Vipimo vya kugundua chakula kilichopigwa mionzi vipo, ila ni vya aina nyingine kabisa. Maabara hutafuta mabadiliko madogo kwenye mifupa, kwenye mafuta, au kwenye punje za mchanga zilizonata kwenye viungo.

Dozi ndiyo inayoamua

Kipimo cha dozi ni grei. Grei moja ni kiasi kidogo sana cha nguvu kilichonyonywa na kilo moja ya kitu, lakini kwa kiumbe hai si jambo dogo: grei 5 zikimpata binadamu mwili mzima kwa mkupuo zinaweza kumuua. Chakula hupewa nyingi zaidi, kulingana na kinachotakiwa:

• Grei 50 hadi 150 huzuia kuchipua kwa viazi, vitunguu, vitunguu saumu na tangawizi.
• Grei 150 hadi 1,000 humaliza wadudu kwenye matunda, nafaka na samaki wakavu, au huwahasi wasizaane.
• Grei 1,000 hadi 7,000 hupunguza sana bakteria wa kuharisha, kama salmonela, kwenye nyama, kuku na kamba.
• Grei 10,000 hivi hutumika kwa viungo vikavu, ambavyo huvunwa na kuanikwa chini na hivyo hubeba vijidudu vingi. Marekani inaruhusu hadi 30,000.

Mwaka 1980 jopo la wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO), Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilihitimisha kwamba chakula chochote kilichopigwa hadi wastani wa grei 10,000 hakina madhara ya sumu. Mwaka 1983 Codex, chombo cha FAO na WHO kinachoweka viwango vya chakula duniani, kikatoa kiwango chake kwa msingi huo. Jopo jingine lililokutana mwaka 1997 liliona kwamba hata dozi za juu zaidi ya hapo ni salama, mradi chakula kinabaki kuwa kinalika.

Umoja wa Ulaya umekuwa mgumu zaidi. Orodha yake ya pamoja ya mwaka 1999 ina kundi moja tu: mimea ya kunukia na viungo vilivyokaushwa. Ugumu huo haukutokana na kugundulika kwa sumu. Ulitokana kwa sehemu kubwa na wananchi wasiotaka, na serikali zao zikawasikiliza.

Hofu zenye msingi na zisizo na msingi

Mtu makini hapaswi kuambiwa "msiogope" na kuachwa hapo. Yapo mambo kadhaa yaliyowahi kuleta mashaka, na kila moja linastahili kutazamwa.

Katikati ya miaka ya 1970 watafiti wa Hyderabad, India, waliwalisha watoto wenye utapiamlo ngano iliyopigwa mionzi muda mfupi kabla, wakaripoti mabadiliko katika seli za damu yao. Habari hiyo ilienea dunia nzima na bado inasambazwa. Isiyosambazwa ni kwamba kila kundi lilikuwa na watoto watano tu, na kamati ya India yenyewe ilipochunguza matokeo iliona hayathibitishi madai hayo. Na kuwafanyia majaribio watoto wenye njaa ni jambo ambalo leo lisingeruhusiwa kabisa.

Mashaka ya pili yana uzito zaidi. Mafuta yaliyomo kwenye nyama, samaki au karanga yakipigwa mionzi hutoa kemikali kidogo ziitwazo alkilisaiklobutanoni, ambazo hazionekani kwa wingi kwenye vyakula vingine. Maabara za Ufaransa na Ujerumani zilizipima kwa seli na kwa panya, kwa dozi kubwa mno kuliko inayopatikana kwenye chakula, na baadhi ya matokeo yaliwatia watafiti wasiwasi. WHO ilieleza mwaka 2003 kwamba ushahidi uliopo hauonyeshi hatari kwa mlaji, huku ikiunga mkono utafiti uendelee. Msimamo huo ni wa kweli na wa busara. Mlaji asijengewe picha kwamba hakuna kinachobadilika kwenye chakula. Kinabadilika, kama kinavyobadilika kikichomwa juu ya mkaa, ambako pia hutokea kemikali zisizo nzuri.

Halafu kuna paka wa Australia. Mwaka 2008 na 2009 makumi ya paka nchini humo walipooza miguu, na baadhi wakafa, baada ya kula chakula cha paka kutoka nje kilichopigwa mionzi kwa dozi kubwa sana, kubwa mara kadhaa kuliko ile ya chakula cha watu. Australia ikapiga marufuku kukipiga mionzi chakula cha paka. Paka walikuwa wakilishwa chakula hicho kimoja tu siku zote, jambo ambalo binadamu hafanyi. Hata hivyo tukio hilo linafundisha kwamba kikomo cha dozi hakikuwekwa kwa mapambo.

Vitamini nazo hupungua. Inayoumia zaidi ni B1, inayosaidia neva na moyo, ikifuatiwa na E, na C kwa kiasi. Upungufu huo mara nyingi ni sawa na ule wa kupika au kuweka akiba muda mrefu, na kwa kiungo kinacholiwa nusu kijiko hauna maana. Kwa familia ambayo sahani yake kila siku ni ugali na dagaa, unastahili kufikiriwa.

Anayebeba hatari ya kweli ya mionzi ni mfanyakazi wa mtambo. Mwezi Februari 1989, mjini San Salvador, maboksi yalikwama katika mtambo wa kusafishia vifaa vya hospitali na vijiti vya kobalti havikushuka kisimani. Mfanyakazi mmoja alikiuka kinga za usalama, akaingia chumbani, kisha akarudi na wenzake wawili kukwamua. Wote watatu waliungua vibaya na mmoja alifariki miezi michache baadaye. Mazungumzo juu ya usalama wa mionzi yanapaswa kuanzia kwa watu hawa: mafunzo yao, mishahara yao, na mkaguzi anayefika bila taarifa.

Kwa ufupi: kwa dozi zinazoruhusiwa, hatari kwa mlaji haijaonekana; upotevu wa vitamini upo na ni mdogo; hatari kubwa iko mtamboni, kwa wanaoendesha.

Kile ambacho mionzi haikiondoi

Hapa ndipo mzozo wa kweli ulipo, na pwani inapaswa kupaelewa vizuri.

Jodari au vibua wakiachwa juani tangu wanapotolewa majini, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kemikali iitwayo histamini. Anayekula hupata wekundu usoni, mwili kuwasha, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio. Kupika hakuiondoi histamini. Kugandisha hakuiondoi. Mionzi nayo itawaua bakteria walioitengeneza na kuiacha histamini palepale. Dawa yake ni barafu, na barafu iwe ndani ya chombo kabla wavu haujavutwa.

Sumukuvu ni vilevile. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, na mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Dozi za kawaida za mionzi zinaweza kuua ukungu, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa inabaki ikiwa na nguvu zake karibu zote.

Kuna jingine la hatari zaidi, ingawa ni nadra. Bakteria wa botulini, ambaye sumu yake hupooza mwili, hujifunga ndani ya ganda gumu linaloweza kuhimili dozi za kawaida. Samaki mbichi akipigwa mionzi kisha akafungwa kwenye mfuko usio na hewa na kuachwa nje ya barafu, bakteria wanaotoa harufu ya uvundo watakuwa wameshakufa, huku botulini akiota polepole. Mnunuzi hunusa samaki, na pua yake haitamwambia kitu. Kwa hiyo samaki aliyepigwa mionzi anahitaji barafu vilevile.

Na kuna udanganyifu. Katikati ya miaka ya 1980 Uingereza ilitikiswa na kashfa ya kamba walioagizwa kutoka nje. Vipimo viliwakataa kwa wingi wa bakteria, wakapelekwa Uholanzi kupigwa mionzi, kisha wakarudishwa kuuzwa wakati sheria ya Uingereza ikiwa bado hairuhusu chakula cha namna hiyo. Bakteria walikufa, kamba hawakuwa safi. Mnunuzi aliuziwa uchafu uliouawa.

Ikumbukwe pia yaliyowapata wavuvi wa Ziwa Victoria. Kati ya 1997 na 2000 Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa samaki wa ziwa hilo kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, mara kwa salmonela, mara kwa kipindupindu, mara kwa taarifa za samaki waliovuliwa kwa sumu. Kilichofungua soko tena ni mialo yenye maji safi na sakafu zinazooshwa, maabara zinazoaminika na wakaguzi wenye mamlaka. Mionzi isingewaondolea samaki sumu hiyo hata tone.

Kwa Kigombe, basi, mpangilio uko wazi. Kwanza maji safi ya kuchemshia, chanja badala ya mchanga, turubai la kukausha linalopitisha jua na kuzuia mvua, na barafu isiyolazimika kusafiri kutoka mjini. Anayekuja na mradi wa mionzi kabla ya hayo anaanzia darini.

Viungo vya Amani, machungwa ya Muheza

Bidhaa ambazo mionzi ingezifaa zaidi hazitoki pwani. Zinatoka upande wa milimani.

Amani, kwenye Usambara Mashariki, inatoa hiliki, pilipili manga, mdalasini na karafuu. Viungo ndivyo chakula kinachopigwa mionzi katika nchi nyingi kuliko kingine. Wanunuzi wa nje hawataki salmonela, na kuvichemsha kunaua harufu inayolipiwa. Zamani vilifukizwa kwa gesi ya oksidi ya ethilini, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chakula mwaka 1991 kwa sababu inahusishwa na saratani. Mwaka 2020 gesi hiyo ilikutwa kwenye ufuta kutoka India, na bidhaa nyingi zikaondolewa madukani Ulaya nzima. Kati ya gesi inayoacha mabaki na mionzi isiyoacha, chaguo halipaswi kuwa gumu. Vinginevyo kuna mvuke wa moto, ambao unafaa kwa baadhi ya viungo na kuharibu vingine.

Muheza yenyewe ni nchi ya machungwa. Adui wake ni nzi wa matunda kutoka Asia, aliyeonekana Afrika Mashariki mwaka 2003 na kuenea kwa kasi. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani; tunda linaonekana zima mpaka linapopasuliwa. Nchi zisizo na nzi huyo hazitaki tunda lililotoka aliko bila tiba. Tangu 2009 mkataba wa kimataifa wa afya ya mimea unatambua grei 150 kuwa tiba ya kutosha dhidi ya nzi wote wa jamii hiyo. Jambo moja huwatatiza wakaguzi: dozi hiyo haimuui buu papo hapo. Anaweza kukutwa hai ndani ya tunda, akijinyonganyonga, ila hatafikia kuwa nzi. Mnunuzi asiyeelezwa atadhani amedanganywa. Machungwa nayo yasizidishiwe dozi, maana ganda lake huweza kuota madoa.

India ilipita njia hii. Mtambo wa Lasalgaon, katika jimbo la Maharashtra, ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya vitunguu. Mwaka 2007 maembe yaliyopigwa mionzi hapo yaliingia Marekani, baada ya soko hilo kufungwa kwa maembe ya India kwa miaka 18. Yalikwenda yakiwa na alama iitwayo radura: duara la kijani, nusu yake ya juu ikiwa imekatika vipande, ndani mna nukta juu ya majani mawili. Umoja wa Ulaya unakwenda mbali zaidi: hata kiungo kidogo kilichopigwa mionzi ndani ya mchanganyiko lazima kitajwe kwa maandishi kwenye pakiti. Sheria ya Tanzania ingefanya vyema kudai hivyo hivyo kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka. Mwenye kutaka anunue, asiyetaka apite.

Mzigo mzito ni gharama. Mtambo mmoja hugharimu mamilioni ya dola, na kobalti-60 hupoteza kiasi cha asilimia 12 ya nguvu zake kila mwaka, uwe umeitumia au umeiacha kisimani. Dagaa wa Kigombe hawawezi kuulisha mtambo wa namna hiyo peke yao: mbalamwezi ikitoka vyombo vinapumzika, na masika yakija uvuvi unapungua. Machungwa nayo yana msimu. Hesabu ingeanza kukubali kama viazi vya Lushoto, tangawizi ya Same, hiliki ya Amani na machungwa ya Muheza vingepokezana mwaka mzima katika mtambo mmoja karibu na bandari ya Tanga. Magunia ya dagaa wakavu yangepata zamu yake katikati, wakiwa wamekwisha kauka sawasawa kwenye chanja na kufungwa katika mifuko ambayo mbawakawa hawezi kuitoboa tena.